Kauri ya elektroliti ya seli ya fueli: 8YSZ, GDC, LSGM au BZY kwa tanuri ulilo nalo Mbeya?

Anayeanza kutengeneza elektroliti ya seli ya fueli ya oksidi yabisi, yaani bamba la kauri linalopitisha ioni (atomi zenye chaji) kati ya upande wa fueli na upande wa hewa, huuliza kwanza unga upi unazipitisha vizuri kuliko wenzake: 8YSZ (zirkonia), GDC (seria), LSGM (galati ya lanthani) au BZY (zirkonati ya bariamu). Kwa mwenye karakana au maabara Mbeya, Iringa au Njombe, swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: tanuri lako linafika nyuzi ngapi, na linaweza kukaa hapo saa ngapi bila kuyumba? Unga wa kawaida uliochomwa ukaiva unaushinda kwa mbali unga ghali ulioishia nusu njia.

Kulijua tanuri, tazama koili zake, usiishie kwenye kibandiko cha mlangoni. Waya wa kujiviringa uliopachikwa ukutani ni aloi ya chuma, kromu na alumini. Tanuri hilo lifanyishe kazi hadi nyuzi 1,200, na 1,250 kwa kulibana. Fimbo nene za kijivu ni silikoni kabidi. Hapo una 1,400 hadi 1,450. Koili za umbo la U zinazoning'inia kutoka juu ni molibdeni disilisaidi, nazo zinakufikisha 1,600 na zaidi. Kwa vyovyote vile, panga kazi nyuzi 50 chini ya kiwango kilichoandikwa, maana kile ni cha kufika, si cha kukaa.

Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema na Kyela huchomwa kwa moto wa wazi, joto lisilofika nyuzi 1,000, na vinashika kwa sababu udongo wa mfinyanzi una madini yanayolainika mapema na kugandisha mengine. Zirkonia haina msaada huo ndani yake. Inayeyuka juu ya nyuzi 2,600, na chembe zake lazima zishikane zikiwa yabisi, kwa atomi kuhama moja moja.

Joto linabadilisha nini

Kidonge kilichogandamizwa vizuri ni nusu unga, nusu hewa. Joto likipanda vya kutosha, shingo zinajengwa kati ya chembe na chembe, vitundu vinafinyika, na kidonge kizima kinasinyaa. Kutoka asilimia 50 ya msongamano wa nadharia (wa kauri isiyo na kitundu hata kimoja) hadi 96, kila kipimo hupungua kwa asilimia 19 na nusu hivi: kalibu ya milimita 25 inatoa kidonge cha milimita 20. Kikitoka na milimita 22, huhitaji hadubini kujua kwamba hakijaiva. Kipo kwenye asilimia 73 tu na kinavuja gesi kama chujio.

Kufinyika kwa vitundu ni jambo moja. La pili ni ukubwa wa punje, yaani fuwele ndogondogo zinazoijenga kauri. Joto lilelile linalofunga vitundu hukuza punje, na punje zikikua haraka kuliko vitundu vinavyokimbia, vitundu hubaki vimefungiwa ndani ya punje na havitoki tena hata ukichoma wiki nzima. La tatu ni mipaka ya punje, na hapa ndipo wengi hupoteza bila kujua. Uchafu hukimbilia mipakani, hasa silika, na kutandaza utando wa kioo unaozuia ioni kupita kutoka punje moja kwenda nyingine. La nne ni kuvukiza: baadhi ya madini huondoka na hewa ya moto, na kidonge unachokitoa si kile ulichokipima kwenye mizani. Zirkonia haina shida hii. Galiamu ya LSGM na bariamu ya BZY zinayo.

| | 8YSZ | GDC | LSGM | BZY |
|---|---|---|---|---|
| Ni nini | Zirkonia yenye moli 8% za itria | Seria yenye gadoliniamu 10% | Galati ya lanthani yenye strontiamu na magnesiamu | Zirkonati ya bariamu yenye itria |
| Kinachopita | Ioni za oksijeni | Ioni za oksijeni | Ioni za oksijeni | Protoni |
| Joto la kuchoma | 1,400–1,500 | 1,350–1,500. Yenye kobalti 1,000–1,200 | 1,400–1,500 | 1,600–1,700. Yenye nikeli au zinki 1,300–1,500 |
| Joto la kazi | 750–1,000 | 500–600 | 600–800 | 400–600 |
| Msongamano wa nadharia (g/cm³) | 5.96 | 7.2 | 6.7 | 6.2 |
| Adui mkuu kwenye tanuri | Silika, kuchoma pungufu | Joto kupita kiasi | Galiamu kuvukiza, kugusa alumina | Bariamu kuvukiza |

Kabla ya kuchagua kwa jedwali hili, tazama unene. Ukinzani wa elektroliti kwa eneo ni unene ukigawanywa kwa upitishaji. 8YSZ ikiwa nyuzi 800 hupitisha karibu siemens 0.04 kwa sentimita. Kidonge cha milimita 1 kina ukinzani wa om 2.5 kwa sentimita ya mraba. Ukivuta nusu ampea kwa kila sentimita ya mraba, unapoteza volti 1.25, wakati seli nzima haitoi zaidi ya volti 1.1 hivi. Kwa hiyo kidonge cha milimita 1 ni cha kupimia na kujifunzia, hakiwashi taa. Kwa nguvu ya kweli unahitaji bamba la maikromita 150 au chini, au tabaka la maikromita 10 lililobebwa na anodi (upande wa fueli), na hapo uchomaji unakuwa mgumu mara kadhaa. LSGM kwenye nyuzi 800 hupitisha karibu siemens 0.1, zaidi ya mara mbili ya 8YSZ. Ndiyo maana wengi huitamani.

8YSZ: chaguo la kwanza kwa tanuri la 1,400

Nunua unga uliokwisha kuchanganywa kiwandani. Kuchanganya zirkonia na itria mwenyewe kunawezekana kwa hesabu, karibu gramu 13.7 za itria katika kila gramu 100 za mchanganyiko, lakini oksidi hizo mbili hazikubali kuingiana kikamilifu mpaka joto kubwa sana, na utabaki na maeneo yenye itria kidogo. Maeneo hayo yakipoa hubadilisha umbo la fuwele na kutanuka asilimia 4 hadi 5 kwa ujazo. Nyufa utakazoziona hazikutokana na kupoza haraka, zilitokana na mchanganyiko.

Kwa kalibu ya milimita 25, pima gramu 1.8 za unga. Changanya na gundi ya polivinili alikoholi iliyoyeyushwa kwenye maji, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa unga ikihesabiwa kavu, kausha, pitisha kwenye chekeche laini. Gandamiza kwa megapaskali 100, ambayo kwenye kipenyo hicho ni karibu tani 5. Jeki ya maji ya tani 10 kwenye fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri inatosha, mradi iwe na geji. Usiongeze presha ukidhani unasaidia: ikizidi, hewa iliyobanwa na mnyumbuko wa unga hukata kidonge tabaka kwa tabaka wakati wa kukitoa kwenye kalibu, na ufa wa namna hiyo huonekana baada ya kuchoma kama kofia iliyobanduka juu.

Ratiba inayofaa ni hii. Panda nyuzi 1 kwa dakika hadi 600, kaa saa moja ili gundi iungue yote. Kisha nyuzi 3 kwa dakika hadi 1,400, kaa saa 3. Shuka nyuzi 5 kwa dakika hadi 800, halafu zima na uache tanuri lipoe lenyewe, mlango umefungwa. Jumla ni kama saa 18 kabla ya kuanza kupoza. Unga laini sana hutosheka na 1,350 hadi 1,400. Unga wenye chembe kubwa unataka 1,450 au 1,500, na ukiuchoma 1,400 utakwama kwenye asilimia 88 au 90 hata ukiongeza saa. Nyuzi 50 zaidi zinafanya kazi ambayo saa 5 zaidi haziwezi.

Sehemu ya gundi ndiyo inayoharakishwa na ndiyo inayolipiza kisasi. Ukipanda nyuzi 5 kwa dakika kati ya 200 na 450, gesi ya gundi inatoka kwa kishindo, na kidonge kinapata malengelenge au ufa wa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kiini cheusi ukivunja kidonge ni kaboni iliyofungiwa. Acha tundu la juu la tanuri wazi mpaka nyuzi 600 zipite.

Kidonge kilichoiva kina rangi ya pembe ya ndovu na kinapitisha mwanga kidogo ukikiweka mbele ya tochi ya simu. Ukikiangusha kutoka sentimita mbili juu ya meza ya vigae, kinalia kwa sauti kali na fupi. Kibichi kina rangi ya chaki na kinatoa kishindo butu.

Kuhusu sahani ya kuwekea: alumina safi inafaa, na chini ya kidonge nyunyiza unga mchache wa 8YSZ ili kiteleze kinaposinyaa; bila hivyo upande wa chini hushikwa na sahani na kidonge hupinda kama bakuli. Matofali ya kaolini, iwe ya Malangali au ya Pugu, ni mazuri kwa kuta za tanuri lakini karibu nusu ya kaolini ni silika, kwa hiyo vumbi lake lisianguke kwenye kidonge. Funika kwa kikombe cha alumina kilichopinduliwa. Na unga usisagwe kwenye kinu cha chuma. Chuma kidogo tu kinatia madoa ya kahawia. Tumia kinu cha gololi za zirkonia na ethanoli. Gololi za alumina zikichubuka kidogo hazina balaa kwa 8YSZ, kwani alumina chini ya asilimia 1 huikusanya silika na kuitoa njiani mwa ioni.

Ndugu yake 3YSZ, yenye moli 3% za itria, inachomwa kwa joto lilelile na ina nguvu mara kadhaa dhidi ya kuvunjika, ila upitishaji wake ni chini ya nusu. Kama unataka bamba jembamba linaloshikika kwa mkono bila kukatika, hiyo ndiyo ya kufikiria. Isichomwe kupita kiasi: punje zikizidi maikromita moja hivi, hupoteza uthabiti wa fuwele na huanza kupasuka zenyewe, hasa kwenye unyevu na joto la nyuzi 150 hadi 300.

GDC: kwa tanuri linaloishia 1,200

Kwa mwenye tanuri la waya, GDC yenye kobalti ndiyo njia pekee ya kweli katika hizi nne. Bila kobalti inataka 1,350 na kuendelea. Ukiongeza moli 1 hadi 2 kwa mia za kobalti, utando mwembamba wenye kobalti hukaa mipakani na kurahisisha atomi kuhama, na kidonge kinakaza kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,200 kwa saa 2, kutegemea ulaini wa unga.

Kipimo: kwa gramu 10 za GDC, moli 2% ni gramu 0.34 za nitrati ya kobalti yenye maji sita. Iyeyushe kwenye ethanoli, mimina juu ya unga, koroga hadi ukauke, kisha choma awali kwenye nyuzi 500 kwa saa moja mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wa kahawia unaotoka ni oksidi za nitrojeni na haufai mapafu. Saga upya, chekecha, gandamiza. Ukiruka hatua hiyo ya nyuzi 500, gesi ya nitrati itatokea ndani ya kidonge na kukipasua.

GDC safi ikiiva ni ya njano hafifu. Yenye kobalti hugeuka kijivu cha giza, na hilo si kosa. Kosa ni kuipeleka juu bila sababu. Ikipita 1,450 hadi 1,500 hewani, sehemu ya seriamu huachia oksijeni, gesi hiyo hujaza vitundu vilivyokwisha fungwa, na msongamano unaanza kushuka badala ya kupanda. Anayeona asilimia 94 kwenye 1,400 na kuamua kuongeza joto hadi 1,550 anaweza kutoka na 91.

Gharama ya GDC hailipwi kwenye tanuri, inalipwa kwenye seli. Upande wa hidrojeni, juu ya nyuzi 600 hivi, seriamu hupokea elektroni na kauri huanza kupitisha umeme wa kawaida pamoja na ioni. Volti ya seli isiyo na mzigo hushuka chini ya 0.9, na bamba hutanuka kidogo upande mmoja. Kwa hiyo itumie kati ya 500 na 600, ambapo hupitisha karibu siemens 0.02 kwa sentimita kwenye 600. Kobalti nayo huongeza uvujaji wa elektroni kidogo. Usizidishe moli 2%.

Wapo wanaotaka tabaka la GDC juu ya 8YSZ ili kuilinda zirkonia isigusane na kathodi (upande wa hewa) yenye strontiamu. Wazo ni zuri, lakini usiyachome pamoja kwenye 1,400. Juu ya 1,250 hadi 1,300 huingiana na kuzaa tabaka la kati lenye upitishaji duni kuliko yote mawili. Choma 8YSZ kwanza, kisha paka GDC na uichome kwa 1,200 hadi 1,250, ukikubali kwamba itabaki na vitundu.

Seriamu na lanthani vipo kwenye miamba ya Ngualla, Mkoa wa Songwe, na kila mara mtu huuliza kama tunaweza kuchimbua unga wetu huko. Mwamba si unga. Kati yake na kidonge kuna kuyeyusha kwa asidi, kutenganisha elementi zinazofanana kama mapacha, na kusafisha hadi asilimia 99.9. Kwa sasa, agiza.

LSGM na BZY: mpaka uwe na sababu

LSGM, iliyotangazwa na Tatsumi Ishihara nchini Japani mwaka 1994, inapendeza kwenye karatasi. Kwenye tanuri ni kigeugeu. Dirisha lake ni jembamba: chini ya 1,400 unabaki na vitundu, na ukikaa muda mrefu juu ya 1,450 galiamu inaondoka na kuacha LaSrGaO₄ mipakani. Pia hula alumina inayoigusa, kwa hiyo ni lazima kidonge kilale juu ya unga wa LSGM yenyewe na kufunikwa nao. Anayeanza na oksidi atakutana na mtego mwingine msimu wa mvua: oksidi ya lanthani hunyonya unyevu na hewa ukaa hadi inakuwa hidroksidi na kabonati. Ukiipima hivyo kati ya Desemba na Aprili, lanthani inapungua na hesabu yote inaharibika. Ichome nyuzi 1,000 kwa saa kadhaa, iache ipoe ndani ya chombo chenye kikaushio, ipime papo hapo. Halafu, baada ya taabu yote hiyo, nikeli ya anodi humenyuka nayo, na utahitaji tabaka la seria katikati.

BZY ni ya wenye tanuri la 1,600 na zaidi. Asilimia 1 ya oksidi ya nikeli au zinki inaishusha hadi 1,300–1,500, lakini bariamu bado inavukiza. Kidonge kizikwe kwenye unga wake wenye bariamu ya ziada, ndani ya kikombe chenye mfuniko. Mipaka ya punje ya BZY ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo hapa, tofauti na 8YSZ, punje kubwa ni faida inayoonekana. Tunaitaja kwa sababu joto lake la kazi ni la chini na linavutia. Kwa mradi wa kwanza, iache.

Njia ya uchomaji: moja kwa moja, hatua mbili, au kwa msaidizi

Njia ya hatua mbili ilijulikana kutokana na kazi ya Chen na Wang ya mwaka 2000 kwenye itria. Unapanda hadi kidonge kifike asilimia 75 hadi 85, kisha unashuka mara moja nyuzi 100 hadi 150 na kukaa hapo saa 10 hadi 20. Kwa 8YSZ laini, hatua ya kwanza huwa 1,300 hadi 1,350. Vitundu vinaendelea kufungika huku punje zikiwa zimesimama. Inatoa kauri yenye punje ndogo na nguvu zaidi.

Je, inafaa? Kwa elektroliti ya 8YSZ itakayofanya kazi nyuzi 800, mara nyingi haifai taabu. Punje ndogo maana yake mipaka mingi, na ingawa kwenye 800 mipaka haikwamishi sana, haikuongezei chochote kwenye upitishaji. Faida ni ya nguvu tu, na nguvu ukiitaka, 3YSZ inakupa kwa urahisi. Hatari ni kubwa zaidi: saa 20 za kusimama ni saa 20 za kuombea umeme usikatike. Ratiba ya moja kwa moja ya saa 3 ndiyo tunayoishauri. Njia ya msaidizi, kama kobalti kwenye GDC, inachaguliwa pale tanuri linapokulazimisha.

Utasoma pia juu ya uchomaji wa mmweko, ulioonyeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2010: 3YSZ ilikaza kwa sekunde chache kwenye nyuzi 850 ikipitishiwa umeme moja kwa moja. Ni kweli na inashangaza. Bila chanzo cha umeme kinachobana mkondo, kidonge huchoma njia moja ndani yake na kupasuka. Kwa mabamba mapana ni tatizo hata kwa wenye vifaa.

Umeme, mwinuko na kipimajoto

Nguvu ya tanuri hufuata mraba wa volti. Laini ya 230 ikishuka hadi 200 jioni, watu wanapopika, tanuri linabaki na asilimia 76 ya nguvu yake. Lililokuwa linafika 1,450 kwa shida litakwama 1,350 huku kidhibiti kikiwa wazi kabisa, na usipotazama utadhani limekaa saa 3 kwenye 1,400. Panga ratiba ili kilele kiangukie usiku wa manane. Fimbo za silikoni kabidi pia huongeza ukinzani kadri zinavyozeeka, kwa hiyo tanuri la miaka mitano si lile ulilolinunua. Kwa gharama, soma mita ya LUKU kabla na baada ya mzunguko mmoja. Hakuna hesabu ya mezani inayoshinda hiyo.

Kidhibiti kipangwe kisirukie kilele umeme unaporudi. Kiendelee kutoka joto lililopo, kwa mwendo uleule. Ukikatika chini ya 600, anza upya kwa nyuzi 1 kwa dakika. Ukikatika kati ya 600 na 1,200, endelea tu, hakuna kilichoharibika. Ukikatika kwenye kilele, kidonge kidogo huvumilia, bamba pana hupasuka ukingoni, na kwenye tanuri la molibdeni disilisaidi koili zenyewe ndizo za kuhofia, kwani zikiwa baridi hukatika kwa mtikisiko mdogo. Ndiyo sababu pia koili za akiba zinazosafirishwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam zifungwe na mtu anayejua.

Kipimajoto cha waya (thermocouple) cha aina K kisitumike juu ya 1,200. Kwa 1,400 tumia S au R, na hakikisha kidhibiti kimewekewa herufi ileile: ukiwa na waya wa S na mpangilio wa R, ukiagiza 1,400 tanuri litapitiliza kwa zaidi ya nyuzi 100, na joto hilo linaweza kukugharimu koili zote.

Mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, haubadilishi uchomaji kwa kiasi cha kujali. Unaubadilisha upimaji wa seli: hewa ni nyepesi, kwa hiyo pampu ya kathodi lazima isukume ujazo mkubwa zaidi, kiasi cha asilimia 20, ili kutoa oksijeni ileile.

Kupima ulichotoa

Kwanza wino. Dondosha tone la wino wa kalamu upande mmoja, subiri dakika kumi, futa. Doa likibaki ndani, au likitokea upande wa pili, hakuna haja ya kuunganisha gesi.

Kisha njia ya Archimedes. Pima kidonge kikavu, kichemshe kwenye maji yaliyochujwa kwa saa 3, kiache kipoe humohumo, kipime kikiwa kimening'inia majini, halafu kikiwa kimelowa na kupanguswa. Tuseme 8YSZ ni gramu 1.795 kavu, 1.484 majini na 1.797 ikiwa imelowa. Gawanya 1.795 kwa tofauti ya 1.797 na 1.484, zidisha kwa 0.998: unapata 5.72, yaani asilimia 96. Mizani iwe ya miligramu. Ile ya kupimia kwa hatua za gramu 0.01 inaleta kosa la asilimia 3 kwenye namba hii, na kati ya 93 na 96 ndipo penye mpaka wa kuvuja na kutovuja.

Upitishaji upimwe kwa masafa mengi ya umeme, na kwenye joto la chini, nyuzi 300 hadi 400 kwa 8YSZ, ambapo ukinzani wa ndani ya punje na wa mipaka huonekana kama matao mawili tofauti kwenye grafu. Kwenye 800 tao la mipaka limeshajificha. Tao la mipaka likiwa kubwa kuliko la ndani huku msongamano ukiwa 96, shida si joto, tafuta silika.

Kidonge kilichofeli kinaokolewa au hakiokolewi kutegemea ni kipi. 8YSZ ya asilimia 90 iliyochomwa 1,350 inaweza kurudishwa kwenye 1,450 kwa saa 2 na mara nyingi ikafika 95. GDC iliyotuna kwa joto kupita kiasi hairudi. LSGM ikirudishwa inapoteza galiamu mara ya pili, na BZY bariamu. Hizo tatu ziponde, na unga wake uutumie kulalia na kufunikia vidonge vijavyo vya aina yake.